Mkeka wa Sikudhani

Ngano yangu iko njiani.
— Ipisheni ije.
Inatembea kwa miguu.
— Na isichoke.
Imebeba nini kichwani?
— Itue tuone.

Haya, inatua. Wa nyuma sogeeni, wa mbele msilale.

Zamani, zamani ile ambayo babu wa babu zenu alikuwa bado yuko mgongoni, palikuwa na ziwa. Ziwa lenyewe si kubwa. Ukisimama upande huu unamwona mtu wa upande ule, ila humtambui. Pembeni mwa ziwa palikuwa na mlima, nao si mkubwa, mlima wa kupanda huku unaongea. Na kijiji kilikuwa hapo, kati ya maji na mlima, kimekaa kama mtoto kati ya baba na mama.

Njia ilizunguka ziwa lote. Ilianzia kijijini, ikapita kwenye matete, ikapita kwenye mawe ya kufulia, ikabanwa mahali pamoja pembamba sana, mwamba huku, maji huku, halafu ikapanda mlima na kushuka tena kijijini. Ukitoka baada ya uji wa asubuhi, ukitembea bila haraka, unarudi ng'ombe wakiingia zizini. Matembezi ya raha. Upepo unatoka majini, mayungiyungi yamefumbua macho, vibata wanaogelea kwa mstari kama watoto wa shule ya dini.

Njia hiyo haikuwa na mwenyewe. Ilikuwa ya Mungu na ya miguu.

Sasa watu wa ziwa hilo walikuwa na desturi yao. Mwanamke akifiwa na mume alikaa kizuka juu ya mkeka. Siku za msiba zikiisha, aliukunja ule mkeka akaubeba kichwani, akalizunguka ziwa peke yake. Ziwa liwe mkono wa kuume. Asirudi nyuma. Asikanyage maji, maana maji yalikuwa ya waliokufa. Akifika juu ya mlima amuage marehemu, kisha ashuke nyumbani kwake. Akivuka kizingiti, basi, amekuwa mtu wake mwenyewe. Nyumba yake, migomba yake, mwili wake. Lakini akirudi nyuma, au akilowa mguu, ameshindwa. Hapo ndugu wa marehemu anamrithi, pamoja na nyumba, pamoja na migomba, pamoja na vifaranga.

Mnaguna nini? Subirini, ya kuguna hayajaja.

Palikuwa na mwanamke akiitwa Sikudhani. Mumewe, Mhina, alikufa kwa homa, akamwacha na migomba minene inayotazama ziwa. Na Mhina alikuwa na kaka yake, Kilua. Huyo Kilua alipoitazama ile migomba alimeza mate. Alipomtazama Sikudhani akameza tena. Kaburi la nduguye lilikuwa bado udongo mbichi, naye anameza mate. Mungu atusamehe, wako watu msibani huja na kamba ya kupimia.

Siku ya kuzunguka ikafika. Sikudhani akasali. Akavaa kaniki yake, akakunja mkeka, akauweka kichwani. Wifi yake Mwanamvua, dada yao Mhina na Kilua, akamsindikiza mpaka mwanzo wa njia.

"Wifi," akasema Mwanamvua, "tembea kama unakwenda kuchuma mboga. Usikimbie wala usiwaze. Njia hii hata kuku wameizunguka."

"Na wewe uko wapi siku nzima?"

"Niko nyumbani kwako, nimekaa kizingitini. Mtu akitaka kuingia atanikanyaga kwanza, na mimi ni mnene."

Sikudhani akacheka, cheko lake la kwanza tangu msiba. Akaingia njiani, akiimba chini chini:

*Ziwa kuume, njia miguuni,*
*mkeka kichwani, Mola moyoni.*

Akatembea, akatembea, akafika kwa Bi Mlacha mfinyanzi. Bi Mlacha alikuwa anakanda udongo. Alipomwona akanyanyuka na kata ya maji.

"Kunywa, mwanangu. Nenda polepole, ziwa halikimbii."

"Ahsante, mama. Njia ni njema huko mbele?"

Bi Mlacha akatazama udongo wake. "Njia ni njia, mwanangu. Wewe nenda."

*Ziwa kuume, njia miguuni,*
*mkeka kichwani, Mola moyoni.*

Akatembea, akatembea, akafika kwa Mzee Hoza, msuka migono, ile mitego ya samaki. Mzee Hoza alimpa ndizi mbivu. Mikono yake ilikuwa imechanwachanwa, mikwaruzo mipya, damu haijakauka vizuri.

"Baba, mikono imefanya nini?"

"Aa, kuni hizi. Nilikuwa nakata kuni."

"Kuni za miiba, baba?"

"Mtu mzima anakata anachokiona. Kula ndizi, binti. Ubarikiwe."

Naye akaingiza mikono kwapani, kana kwamba anaona baridi, na jua lilikuwa kali.

*Ziwa kuume, njia miguuni,*
*mkeka kichwani, Mola moyoni.*

Akatembea, akatembea, akafika kwenye mawe ya kufulia. Kina mama walikuwa wanafua na kupiga soga. Walipoona mkeka unakuja, soga ikakatika. Wakampamba kwa maneno: mwendo wake mzuri, uso wake mzuri, Mungu atamlipa. Mmoja akamfunga leso kiunoni, mwingine akampaka mafuta miguuni. Lakini hakuna hata mmoja aliyemtazama machoni.

"Shoga zangu, kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nenda tu. Nenda salama."

Akaenda. Maji yanameta, ndege wanapiga kelele zao, mlima umekaa mbele kama mtu anayemngoja mgeni. Akapinda kona, akafika pale pembamba, mwamba huku, maji huku.

Akakuta ua.

Ua mpya. Fito zimesimamishwa kutoka ukingo wa maji mpaka kwenye mwamba, na fito zimesukwa miiba ya mgunga, miiba mirefu kama kidole. Ndani ya ua mtama umeiva, masuke yameinama kwa uzito. Na nyuma ya ua amesimama Kilua, anatafuna muwa.

"Karibu, shemeji," akasema Kilua. "Umetembea vizuri. Sasa geuka urudi."

"Shemeji, hii ni njia."

"Ilikuwa njia. Mwaka huu nimepanua shamba. Mtama unataka nafasi."

Mwamba ulikuwa mrefu, haupandiki. Kushoto hapiti. Kulia ni maji. Nyuma ni kurithiwa. Sikudhani akasimama na mkeka wake kichwani, na hapo ndipo akili yake ilipoanza kumrudia Bi Mlacha na macho yake chini. Ikairudia mikono ya Mzee Hoza. Ikairudia soga iliyokatika. Wote walijua. Wengine walikata fito hizi. Wamempa maji, wamempa ndizi, wamempaka mafuta miguuni ili aende vizuri mpaka kwenye mtego.

Ndugu zangu, mtu akikupiga unajua umepigwa. Lakini huyu anayekupa kata ya maji huku anajua shimo liko wapi, huyo utamwitaje? Mniambie. Mbona mmenyamaza? Nami najiuliza hivyo hivyo, msidhani nimejitoa.

Sikudhani moyo ulimchemka. Akamtukana Kilua kimoyomoyo, matusi ya kutosha kujaza mtungi. Kisha akaogopa, akasema, "Ee Mungu, nisamehe ulimi wangu wa ndani. Lakini wewe mwenyewe unaona."

Akatulia. Akavuta pumzi. Akaona jambo moja.

"Shemeji Kilua," akasema kwa upole, "mimi mwanamke, sijui mipaka. Niambie nielewe. Huko ndani penye mtama ni kwa nani?"

"Kwangu."

"Na hii njia iliyofungwa, ni kwa nani?"

"Kwangu. Mpaka majini."

"Na hapa niliposimama mimi, nje ya ua, hapa ni kwa nani?"

Jamani, tamaa haina macho. Mtu mwenye akili angesema hapo ni njia. Lakini Kilua alishaonja utamu wa neno lile. Na kina mama wa mawe ya kufulia walikuwa wamenyemelea nyuma waone mambo yatakwishaje, naye akataka wasikie. Akapandisha sauti.

"Hapo pia ni kwangu. Hata hilo vumbi la miguuni mwako, shemeji, ni langu."

"Mmesikia, kina mama?" akauliza Sikudhani bila kugeuka.

"Tumesikia," wakasema, maana swali lilikuwa jepesi.

"Basi nimefika kwa mwenyeji," akasema Sikudhani. Akatua mkeka. Akautandika pale pale, mbele ya ua, akakaa.

Kina mama wakashika vichwa. Muwa ukamdondoka Kilua.

Kwa nini? Nawaambia. Watu wa ziwa lile, mkeka wa kizuka ukitandikwa mahali, mahali pale pamekuwa msiba. Na msibani kuna sheria. Mwenye mahali hapandishi sauti. Hatupi jiwe, hapigi debe, hapigi makofi. Hashiki jembe, hashiki kisu, hashiki panga. Anakaa chini, anakula bila chumvi. Na mkeka haukunjwi na mtu isipokuwa kizuka mwenyewe. Atakayevunja hayo, ardhi yake itakataa mbegu. Hilo waliliamini wote, na Kilua aliliamini kuliko wote, maana alikuwa mtu wa mashamba.

Kwa hiyo kila alipopaita kwake, pakawa msiba. Ndani, njiani, mpaka majini. Alikuwa amejitajia mipaka yake mwenyewe.

"Shemeji," akasema, sasa kwa kunong'ona, "ondoa mkeka."

"Nimechoka, shemeji. Nikipumzika nitaondoa."

"Utapumzika mpaka lini?"

"Aliyefiwa haulizwi hivyo."

Habari ikafika kijijini. Mwanamvua akamwachia jirani kizingiti, akapanda mlima na kushuka upande wa pili mpaka ndani ya ua, na chungu cha uji mkononi. Akampitishia wifi yake bakuli kati ya fito, taratibu, miiba isimchome. Akammiminia na kaka yake.

"Hauna chumvi," akanong'ona Kilua.

"Msiba una chumvi?" akanong'ona Mwanamvua. "Kaa chini, kaka. Mwenye mahali hakai kwenye kigoda."

Kilua akakaa chini.

Asubuhi yake wakaja ndege. Mnawajua wale wadogo wa mtama, wanaokuja kama wingu lililokasirika. Walitua kwenye masuke, wakaanza kazi. Siku nyingine Kilua angepiga debe, angerusha kombeo, angepiga ukunga mpaka ziwa litikisike. Siku hiyo alisimama katikati ya mtama akapunga mikono.

"Shh," akasema. "Shh. Tokeni. Tafadhalini."

Ndege mmoja akamtazama. Akaendelea kula.

Watu walikuja kutazama, wamejipanga kwenye njia, wamefunika midomo kwa leso, maana kucheka kwa sauti nako kulikatazwa. Mwanaume mzima, shemeji wa watu, anawabembeleza ndege kama anambembeleza bibi harusi.

Jioni ya kwanza Kilua akaja kwenye ua na vitisho. Akanong'ona, "Sikudhani, nitakusemea kwa ukoo mzima. Watakufukuza."

"Wasemee, shemeji. Ila wasemee polepole."

Siku ya pili ndege walirudi, nao wamewaita jamaa zao. Jioni Kilua akaja na zawadi: kitenge kipya na mbuzi jike. "Chukua, shemeji. Rudi nyumbani kwa njia uliyojia. Nitakutunza vizuri, wallahi, hutapika hata siku moja."

Sikudhani akamtazama mbuzi. Mbuzi alikuwa mzuri, sitawadanganya, na Sikudhani hakuwa na mbuzi. Akasema, "Mfunge mbuzi wako, shemeji, asije akala mtama ukabaki na nusu ya kilichobaki."

Siku ya tatu masuke yalikuwa meupe, yamesimama wima. Suke jepesi halina sababu ya kuinama. Kulikuwa na kipembe kimoja tu bado kizima, huko kwenye mwamba. Kilua akaja hana vitisho, hana mbuzi.

"Nifanye nini?" akauliza.

"Mimi nina njia ya kwenda. Wewe una ua. Fikiri."

Akautazama ua. Akanyoosha mkono kuchukua panga. Mwanamvua akakohoa kidogo.

"Kaka. Msibani."

Basi Kilua akaufungua ua kwa mikono mitupu. Mwiba kwa mwiba, fito kwa fito. Miiba ya mgunga haimjui aliyeisuka. Ilimchoma vidole, ikamchoma viganja, ikamchoma kisigino alipokanyaga vibaya, naye hana ruhusa ya kulia kwa sauti. Alikuwa anavuta hewa kwa meno tu, sss, sss, kama mtu anayekula pilipili. Watu walisimama, hakuna aliyemsaidia wala aliyesema pole. Wahenga walisema, mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Njia ikawa wazi. Sikudhani akanyanyuka, akakunja mkeka, akauweka kichwani. Akapita katikati ya mtama ulioliwa, hakutazama kushoto wala kulia. Ziwa mkono wa kuume. Akaanza kupanda mlima.

Mlima ulikuwa mpole kama ulivyokuwa siku zote. Nyasi zilikuwa zimetoa maua meupe. Akapanda akiomba njiani: "Mungu wangu, nimefurahi kuona ndege wakila chakula cha mtu. Najua si vizuri. Nilifurahi kila siku, na siku ya tatu nilifurahi zaidi. Unisamehe, ukipenda. Ila hasira hii nyingine, ile ya majirani, sijui niiweke wapi. Niliposema na Kilua nilikuwa nasema na adui. Hawa walinipaka mafuta."

Akafika juu. Chini ziwa limelala, na watu wote wamesimama kwenye njia, kuanzia kwenye mawe mpaka kwa Bi Mlacha, wanangoja. Maji ya pale hubeba sauti. Kizuka akimuaga mumewe juu ya mlima, kijiji kizima husikia. Na maneno yake yalijulikana. Tangu zamani kila mjane alisema: *Nimekuaga, watu wako wamenitunza.* Basi. Wote walikuwa wameshaweka tayari vigelegele vya kumwitikia.

Sikudhani akavuta pumzi.

"Mhina," akaita. "Nimekuaga."

Wakasubiri.

"Watu wako hawakunitunza. Kaka yako aliniziba njia. Mzee Hoza alikata fito, kisha akanipa ndizi. Bi Mlacha alijua, akanipa maji. Kina mama wa mawe walijua, wakanipaka mafuta. Nilikula, nilikunywa, nilipakwa, na hakuna aliyeniambia neno. Dada yako Mwanamvua peke yake alikuwa mtu. Nimekwambia kama ilivyokuwa, maana wewe uko kwa Mungu, na kwa Mungu hakusemwi uongo. Lala salama, mume wangu."

Vigelegele vikafia kooni. Neno la juu ya mlima halirudishwi. Limeshafika kwa wafu, nani atalifuata akalichukue? Mzee Hoza aliingiza mikono kwapani. Bi Mlacha akajifunika kanga usoni. Kuna waliosema moyoni, "Lakini mimi nilifanya nini? Sikufanya kitu." Ndiyo. Ndicho walichosemewa, kwamba hawakufanya kitu.

Sikudhani akashuka. Akafika nyumbani kwake, akavuka kizingiti kwa mguu wa kulia. Akautua mkeka uani bila kuutandika, akaupasua, akauwashia moto chini ya chungu, na kwa moto ule akapika ndizi na samaki, na chumvi ya kutosha.

Alipokuwa anakula, akasikia nyayo. Nyayo za mtu anayechechemea. Huyo bwana, tangu nduguye afe, alikuwa anaingia nyumba ile kama anavyoingia zizini, anafungua vyungu, anapima migomba kwa mkono. Sasa nyayo zilifika mlangoni zikasimama.

"Hodi," akasema Kilua nje.

Sikudhani akachambua mwiba wa samaki, akauweka pembeni.

"Hodi, shemeji."

Akamega ndizi, akachovya mchuzi.

"Hodi. Ni mimi, Kilua. Mtama wangu karibu wote umekwisha, sina cha kula nyumbani."

"Nimekusikia," akasema Sikudhani. "Ngoja hapo hapo nje. Nikimaliza kula, nitafikiri."

Na alikula polepole, ndugu zangu. Alikula polepole sana.

Ngano yangu imefika kwao.
— Mwenye kuisikia ana deni nayo.
Aliyepita njia ya watu, aache ipitike.
— Na aliyeona mwiba?
Aseme, kabla mwenzake hajafika.
Haya, mnyanyuke, mwende mkalale, na Mungu awe mbele yenu.